Mtakatifu Ivo: Padre Aliyesimama Mahakamani Pamoja na Wanyonge

Kila mwaka tarehe 19 Mei tunamkumbuka Mtakatifu Ivo wa Kermartin, padre, hakimu na wakili. Wengi wetu tunamfahamu kwa jina tu, kama msimamizi wa mawakili na mahakimu. Katika makala hii tunapenda kumtazama kwa upande unaotugusa sote tunaoishi na kuhudumu parokiani: namna alivyowatetea wajane, yatima, wazee na maskini katika mashauri yaliyoonekana madogo, yale ambayo wakili mwenye jina hakuona faida ya kujisumbua nayo.

Tunasema yalionekana madogo, kwa maana kwa yule aliyeshtakiwa hayakuwa madogo hata kidogo. Mtu mwenye nguvu na fedha akishtakiwa kwa jambo dogo, hulimaliza kwa siku moja na kuendelea na shughuli zake. Bibi mzee asiyejua kusoma, anayeishi peke yake, akishtakiwa kwa jambo hilohilo, anaweza kupoteza nyumba yake, jina lake jema, hata uhuru wake. Ivo alilijua hilo, na maisha yake yote ya upadre yalikuwa jibu la hilo.

Kuzaliwa na masomo yake

Yves Hélory, ambaye sisi humwita Ivo, alizaliwa tarehe 17 Oktoba 1253 katika nyumba ya Kermartin, karibu na mji wa Tréguier, katika nchi ya Bretagne, magharibi mwa Ufaransa ya leo. Baba yake alikuwa bwana mdogo wa mahali pale, mwenye mashamba na heshima, na mama yake, Azou, alikuwa mcha Mungu aliyemlea mwanawe katika sala tangu utotoni.

Alipofikisha umri wa miaka 14 hivi alipelekwa Paris kusoma, akifuatana na mwalimu wake Jean de Kerc'hoz. Huko alisoma falsafa, teolojia na sheria za Kanisa. Kisha, mwaka 1277, alihamia Orléans ili asome pia sheria za kiraia, yaani zile zilizotokana na sheria za Warumi wa kale. Ilimbidi kuhama kwa sababu Papa Honori III alikuwa amekataza sheria hizo zisifundishwe Paris tangu mwaka 1219. Tukumbuke kwamba hakuwa mwanafunzi wa raha. Akiwa bado kijana alianza kulala juu ya majani makavu, kufunga mara kwa mara, na kuwagawia maskini sehemu ya chakula chake. Wenzake waliosoma sheria ili watajirike walimshangaa.

Hakimu wa askofu

Alipomaliza masomo alirudi kwao Bretagne. Mnamo mwaka 1280 alipewa kazi mjini Rennes ya kuwa ofisiali, yaani hakimu katika mahakama ya Kanisa; kazi inayofanana nayo leo jimboni hufanywa na Vika wa Mahakama. Akiwa Rennes alihudhuria mafundisho ya Wafransisko, na roho ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi ilimwingia moyoni. Mwaka 1284 askofu wa Tréguier alimwita nyumbani awe ofisiali wa jimbo lake, na mwaka huohuo Ivo alipewa daraja takatifu ya upadre.

Ili tuelewe uzito wa kazi hiyo, ni vizuri tujue mahakama za Kanisa za karne ya 13 zilikuwa na nguvu gani. Hazikusikiliza mambo ya ndoa na ya makleri peke yake. Zilisikiliza habari za wosia, madeni yaliyofungwa kwa kiapo, na makosa kama uzinzi, kiapo cha uongo na riba. Zaidi ya hayo, wajane, yatima na watu wote wanyonge walihesabiwa kuwa chini ya ulinzi wa Kanisa, wakawa na njia ya kulikimbilia. Jambo hilo lilikuwa jema. Hata hivyo, kuwa na mlango wa kukimbilia ni jambo moja, na kuweza kuupita mlango huo ni jambo jingine.

Mashauri yaliendeshwa kwa maandishi. Mdai alileta dai lake limeandikwa. Mashahidi walihojiwa mmoja mmoja, na karani akayaandika majibu yao kwa Kilatini. Karani alilipwa, wakili alilipwa, na kila hati ilikuwa na gharama yake. Mkulima wa Tréguier alijua Kibretoni tu. Alisikia jina lake likitajwa katika lugha asiyoielewa, akaulizwa akubali au akatae jambo ambalo hakulifahamu. Na asipofika siku aliyoitwa, hata kama ni kwa sababu ya ugonjwa, uzee au umbali wa njia, alihesabiwa kuwa mkaidi. Adhabu ya ukaidi mara nyingi ilikuwa kutengwa na Kanisa. Hebu tufikiri: mzee wa watu, kwa deni dogo na kwa miguu isiyoweza tena kutembea, anajikuta amefungiwa sakramenti na majirani zake wanamkwepa.

Ivo alikaa katika kiti cha hakimu akiyaona hayo yote. Jambo la kwanza alilolifanya ni kukataa zawadi. Siku zile lilikuwa jambo la kawaida kwa wenye mashauri kumpelekea hakimu chochote, na wengi hawakuliita rushwa. Ivo alikataa kikubwa na kidogo. Jambo la pili, alijitahidi kupatanisha watu kabla shauri halijaanza, maana alijua kwamba gharama za mahakama humla maskini hata akishinda. Inasimuliwa kwamba mama mmoja na mwanawe walikuwa na ugomvi mkali, na maneno yake yote hayakufaa kitu. Akaenda kuadhimisha Misa kwa ajili yao, na baada ya hapo wakapatana.

Wakili asiyelipwa

Kazi ya hakimu ilikuwa na mpaka. Hakimu hawezi kumtetea mtu aliye mbele yake. Kwa hiyo Ivo, kila ilipowezekana, alikwenda katika mahakama nyingine kusimama kama wakili wa wale wasiokuwa na mtu. Je, padre aliruhusiwa kufanya hivyo? Mtaguso wa Tatu wa Laterano, mwaka 1179, ulikuwa umewakataza makleri kuwa mawakili mbele ya mahakimu wa serikali, lakini uliacha nafasi chache: kwa shauri la kleri mwenyewe, kwa shauri la Kanisa lake, na kwa ajili ya watu maskini wasioweza kujisimamia. Kupitia nafasi hiyo ndogo Ivo aliingiza maisha yake yote.

Hakudai malipo. Mara nyingi alilipa yeye mwenyewe gharama za makarani na hati. Waliofungwa aliwatembelea gerezani, akasikiliza habari zao kutoka vinywani mwao, kwa Kibretoni, lugha yao. Shauri lilipokatiwa rufaa kwenda Tours, makao ya askofu mkuu, alifunga safari ndefu kulifuatilia, na mtu wake hakuachwa njiani.

Lakini tusidhani kwamba alitetea lolote na yeyote. Mtu mmoja fukara alishtakiwa na abate wa monasteri, yaani maskini dhidi ya mkubwa wa Kanisa. Kabla ya kulichukua shauri hilo, Ivo alimtaka yule maskini aape kwamba haki iko upande wake kweli. Alipoapa, Ivo alisimama naye bure, na abate akashindwa. Hapa tunajifunza mambo mawili. Kwanza, umaskini haukuwa kwake kibali cha kusema uongo. Pili, cheo cha mshitaki, hata kikiwa cha Kanisa, hakikumtisha. Wahenga wetu walinena kwamba mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Ivo alitaka mnyonge apewe haki yake, na asinyongwe pia.

Mjane wa Tours

Simulizi linalojulikana kuliko yote kuhusu Ivo ni la mjane wa Tours aliyekuwa na nyumba ya wageni. Ivo alipokuwa mjini humo kwa mashauri alifikia kwake, akamkuta analia. Wanaume wawili waliojifanya wafanyabiashara walikuwa wamemwachia mfuko uliofungwa, wakamwagiza asimpe mmoja wao peke yake, ila wote wawili wakiwa pamoja. Baada ya siku chache mmoja alirudi, akasema mwenzake amemtuma auchukue. Mama yule, kwa wema wake, akampa. Ndipo wa pili akaja kuudai, akasema ndani mlikuwa na vipande 1,200 vya dhahabu, akamshtaki. Hukumu ilikuwa karibu kutolewa, na mjane alikuwa anaelekea kupoteza kila alichokuwa nacho.

Ivo aliomba kusimama upande wake. Hakubishana kama mfuko ulikuwa na dhahabu au mawe. Aliyarudia masharti ambayo mdai mwenyewe aliyataja mbele ya hakimu: mfuko utolewe wakiwapo wote wawili. Basi, mjane yuko tayari kulitimiza agano, na mdai amlete mwenzake. Yule mtu alibadilika rangi. Hakimu akaanza kumhoji, na hatimaye ikajulikana kwamba wale wawili walikuwa matapeli walioshirikiana kumtega mama huyo.

Sisi tunaousoma mkasa huu leo tunaweza kuufurahia kama kitendawili kilichoteguliwa. Lakini tutazame vizuri mahali ilipokuwa hatari. Mjane alikuwa na jibu tangu mwanzo. Masharti aliyapewa yeye, aliyasikia kwa masikio yake. Alichokosa ni mtu wa kuyaweka masharti hayo mezani kwa utulivu, wakati yeye ameshikwa na hofu na aibu. Matapeli walimchagua kwa sababu hiyo hasa: alikuwa peke yake. Hata leo matapeli hawajabadilisha njia, na bado huwatafuta wazee wanaoishi peke yao.

Watu wa Bretagne wana pia ngano kuhusu tajiri aliyemshtaki maskini kwa kunusa harufu ya chakula chake bila kulipa. Ivo, wanasema, aliamua kwamba harufu ilipwe kwa mlio wa sarafu. Msomaji wa Kiswahili atatabasamu hapa, kwa sababu hekaya hiyohiyo sisi tumesimuliwa kuhusu Abunuwasi. Ni ngano inayozunguka dunia, na hatuihesabu kuwa historia. Lakini inatuambia kitu: kila mahali watu wamewahi kuona maskini akiburuzwa mahakamani kwa jambo lisilo na maana, na kila mahali wametamani awepo mwenye akili na moyo wa kumtoa.

Paroko wa Trédrez na Louannec

Pamoja na kazi ya mahakama, Ivo alikuwa paroko, kwanza Trédrez na baadaye Louannec. Alihubiri kwa Kibretoni, Kifaransa na Kilatini, kufuatana na waliokuwa mbele yake. Nyumba ya wazazi wake huko Kermartin aliifanya kimbilio la maskini, yatima, wagonjwa na wazee. Aliwahudumia kwa mikono yake, na walipofariki alisimamia maziko yao. Familia moja ya wasanii wa mitaani iliomba hifadhi kwake, mume, mke na watoto, wakaishi hapo kwa miaka mingi.

Usiku mmoja alimkuta maskini mlangoni pake akitetemeka kwa baridi, hana nguo za kutosha. Usiku uliofuata alimlaza maskini huyo kitandani pake, na yeye akalala mlangoni. Nafaka ya mashamba yake hakuihifadhi ili aiuze bei ikipanda, bali aliigawa mara tu ilipovunwa. Padre mmoja alipojisifu kwake kwamba kwa kungoja bei amepata faida, Ivo alimjibu kwamba yeye aliyeigawa mapema amepata faida kubwa zaidi.

Tunaona kwamba mahakama na nyumba ya maskini vilikuwa kwake kazi moja. Mtu aliyemtetea asubuhi angeweza kuwa mgeni mezani pake jioni. Kwa sababu hiyo aliwajua washtakiwa wake kama watu wenye majina, njaa na magonjwa, hakuwajua kama mafaili. Alijua pia kusimama mbele ya wakubwa: maofisa wa mfalme walipokuja kutoza Kanisa la Tréguier kodi aliyoiona kuwa ya dhuluma, aliwapinga waziwazi.

Mnamo mwaka 1298 aliacha kazi ya uhakimu, akabaki na parokia yake, mahubiri na maskini wake. Mkesha wa Kupaa Bwana mwaka 1303 alihubiri huku ameshikiliwa, maana nguvu zilikuwa zimemwishia. Siku chache baadaye, tarehe 19 Mei 1303, alifariki dunia akiwa amelala juu ya majani yake makavu. Alikuwa na umri wa miaka 49.

Mashahidi wake

Mwaka 1330 Kanisa lilifungua uchunguzi rasmi huko Tréguier kuhusu maisha yake. Mashahidi 243 walikuja kutoa ushahidi: mapadre, wakulima, akina mama wa nyumbani, watu aliowatetea na watu waliokula mezani pake. Jean de Kerc'hoz, yule mwalimu aliyefuatana naye Paris, alikuwa bado hai, mzee sana, naye akatoa ushahidi juu ya mwanafunzi wake. Ni jambo la kufurahisha kulitafakari: watu ambao zamani sauti zao hazikusikika mahakamani, sasa waliitwa mbele ya wachunguzi wa Papa, wakasikilizwa, na maneno yao yakaandikwa. Tarehe 19 Mei 1347 Papa Klementi VI alimtangaza kuwa mtakatifu. Hadi leo, kila mwezi wa Mei, mahakimu na mawakili huenda Tréguier na kuandamana pamoja na waamini nyuma ya masalia yake.

Sisi na Ivo

Mtakatifu huyu anatudai nini sisi? Kwa waseminari, jibu la kwanza limo katika masomo yenyewe. Sheria za Kanisa tunazozisoma zimehifadhi roho ya Ivo. Kanuni ya 1481 inaagiza kwamba katika shauri la jinai mshtakiwa awe na wakili daima. Asipomweka mwenyewe, hakimu ampe. Kanuni ya 1649 inamtaka askofu aweke taratibu za msaada wa kisheria bila malipo au kwa gharama iliyopunguzwa. Anayezisoma kanuni hizi kwa ajili ya mtihani peke yake amezipunja. Nyuma ya kila moja yuko bibi fulani anayelia katika nyumba fulani.

Kwa waamini wote, liko jibu ambalo halihitaji shahada. Katika vijiji na mitaa yetu wapo wazee wanaoitwa polisi au mahakamani kwa mambo madogo: mbuzi aliyeingia shamba la jirani, maneno ya ugomvi, mpaka wa kiwanja, deni la dukani. Wengine hukiri kosa ambalo hawakulifanya, kwa kuwa wanaona aibu kubishana na vijana waliovaa sare. Wengine hawasikii vizuri, nao huitikia tu. Wengine hukosa tarehe ya kesi kwa sababu hakuna aliyewasomea hati ya wito, au hawakuwa na nauli. Wengine hukaa rumande kwa kukosa mdhamini tu, ilhali Jumuiya yao Ndogo Ndogo ya Kikristo ina kaya nyingi. Shauri dogo likimkuta mtu bila mwenzake, huwa kubwa.

Kwa hiyo tujiulize katika jumuiya zetu. Je, yupo anayejua kwamba mzee fulani ana kesi? Je, yupo wa kumsomea hati yake polepole, mara mbili, mpaka aielewe? Wa kumsindikiza siku ya kesi na kuketi naye benchi? Wa kumweleza karani kwamba mzee huyu hasikii vizuri, au kwamba anahitaji kuelezwa kwa lugha yake? Wa kumdhamini? Nchini Tanzania, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria wanaowahudumia wasio na uwezo. Paroko mwenye namba ya simu ya msaidizi wa kisheria wa eneo lake, iliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo, ameanza tayari kutembea katika njia ya Ivo.

Na tuukumbuke ule utaratibu wake wa kumwapisha maskini kwanza. Kumsindikiza mzee hakumaanishi kuficha kosa lake. Akiwa amekosa, tumsaidie kuomba radhi, kulipa anachoweza na kupatana na jirani yake. Akiwa hakukosa, tumsaidie kusema hivyo bila hofu. Katika hali zote mbili asisimame peke yake.

Mtakatifu Ivo, wakili wa maskini, utuombee.